Jina Lako Ni Mali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanamuziki na Wanamichezo Wanaochipukia

Maswali haya yametoka kwa vijana wenyewe. Mengine niliulizwa kwenye korido za studio za Sinza na Kinondoni, mengine pembeni ya uwanja baada ya mazoezi, na mengine yalikuja kwa ujumbe wa simu saa nane za usiku, saa ambayo mwenye ndoto huwa hapati usingizi. Nimechagua yanayorudi kila mara. Penye mengi nimerefusha, penye jibu fupi nimejibu kifupi.

Kuwa maarufu na kuwa na jina kuna tofauti?

Ipo, tena kubwa. Video moja ikisambaa Jumatatu, kufika Ijumaa nchi nzima inakujua. Jina ni kile watu wanachokitarajia kwako kabla hujapanda jukwaani wala kuingia uwanjani.

Mfano ninaoupenda ni wa John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, Mexico City, marathoni ya Olimpiki. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Alipoingia uwanjani akichechemea, giza lilishaingia na watazamaji wengi walishaondoka. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Hakupata medali. Lakini miaka 40 baadaye, Olimpiki ilipokwenda Beijing, yeye ndiye aliyekuwa miongoni mwa mabalozi wa heshima wa michezo ile. Dunia ilishamweka mahali pake: mtu anayemaliza alichokianza.

Chapa binafsi ni nini hasa? Kila mtu anaitaja.

Nikupe tukio. Nilikuwa nimekaa na msanii mmoja chipukizi kwenye chumba cha kusubiria cha redio. Nywele zimesukwa vizuri, viatu vipya, wimbo mzuri kwenye flashi. Mtangazaji akachungulia mlangoni na kuuliza, "Mdogo wangu, nikutambulishe vipi?" Akataja jina. "Sawa, ni nani huyo?" Akasema, "Msanii wa Bongo Fleva." Mtangazaji akasubiri kidogo. "Nao ni wengi. Wewe ni yupi?" Kijana akaniangalia mimi.

Chapa binafsi ni jibu la swali lile. Alikiba ana sauti ambayo ukiisikia sekunde tano umeshamjua, na tangu "Cinderella" ya 2007 hakuiacha ikimbizane na kila mtindo unaopita. Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa mtandaoni kwa sababu hakuwa na kocha wa mchezo huo. Alipotwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, dunia nzima tayari ilikuwa inamwita "Mr YouTube". Jina lile la utani limebeba maisha yake yote ndani ya maneno mawili. Kaa chini, andika sentensi moja inayokueleza wewe na haiwezi kumweleza mwenzako. Ikikushinda leo, acha kazi iendelee kuitafuta, usiibuni.

Wazee wangu wanasema kujitangaza ni mambo ya kuiga wageni. Ni kweli?

Waambie kwa heshima kwamba Siti binti Saad alilifanya hili kabla wao hawajazaliwa.

Alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, kwenye familia ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Alizunguka na vyungu akinadi, na sauti ile ya kunadi ndiyo iliyoanza kumtangaza. Akahamia mjini, akajifunza uimbaji na muziki, na huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi wa heshima. Wakati huo taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaimba kwa Kiswahili, watu wa Ng'ambo, upande wa watu wa kawaida wa mji wa Zanzibar, wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa. Mwaka 1928 akavuka bahari na kundi lake hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Walimdhihaki kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Akawajibu kwa wimbo unaosema kipimo cha mtu ni akili. Shaaban Robert akamwandikia kitabu cha wasifu.

Tazama alichofanya: jina jipya, lugha ya watu wake, mtambo mpya wa wakati wake, na majibu kwa wabaya wake yakiwa ndani ya kazi. Sijaona msanii wa leo aliyeongeza la tano.

Lazima nibadilishe jina?

Si lazima. Samatta anaitwa Samatta, Kipchoge ni Kipchoge. Wanamuziki hubadili zaidi: Naseeb Abdul akawa Diamond Platnumz, Rajab Abdul akawa Harmonize, Zuhura Othman akawa Zuchu. Ukichagua, chagua linalotamkika mara moja na mama muuza vitumbua na mtangazaji pia. Lisiwe na herufi tatu za "z" na namba katikati. Litafute kwanza YouTube na Instagram. Kama kuna mwenzako Lagos au Kampala analo tayari, liache. Na likishakaa, usilibadili kila albamu.

Mwanamuziki anatoboaje siku hizi?

Zamani mlango ulikuwa mmoja. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ilikuwa ya serikali, bendi zilikwenda kurekodi huko na kusubiri zipigwe. Vituo binafsi vilipoanza kwenye muongo huo, kina kaka zetu wa Bongo Fleva wakapata pa kusikika, na mlango ukahamia kwa watangazaji. Leo milango ni mingi: YouTube, TikTok, Boomplay, Audiomack, Spotify iliyofika kwetu rasmi Februari 2021, na redio bado ipo, hasa mikoani. Kwa kuwa milango ni mingi, kila mtu anaingia, na ndiyo maana ndani kumejaa.

Safari ya Diamond inafaa kusomwa hatua kwa hatua, hata kama wewe si timu yake. Alitokea Tandale. "Kamwambie" ilimtambulisha nyumbani. Angeweza kubaki staa wa nyumbani. Lakini "Number One" ya 2013 ikafanyiwa remiksi na Davido wa Nigeria, na pale ndipo hesabu ilipobadilika: kolabo ya kweli inakuingiza sebuleni kwa mashabiki wa mwenzako, nao wanakukuta umekaa na mtu wanayemwamini. Mwaka 2014 akateuliwa kuwania tuzo ya BET. Akaanzisha lebo ya WCB Wasafi, akawatoa wengine, kisha redio na televisheni. Juni 2020 chaneli yake ya YouTube ikafikisha kutazamwa mara bilioni 1, na ikaripotiwa kuwa ni ya kwanza kwa msanii wa Afrika kusini mwa Sahara. Kati ya Tandale na bilioni hiyo kuna miaka zaidi ya kumi ya kutoa kazi bila kupotea. Vijana wengi huona bilioni, hawaoni ile miaka.

Kwa hiyo ukiniuliza jambo la kwanza la kufanya, nitakwambia: rekodi nyimbo sita kabla ya kutoa moja. Wimbo wa kwanza ukishika na huna wa pili, umefungua duka lisilo na bidhaa.

Mbona wanariadha wetu hawavumi kama wanamuziki?

Sababu kubwa ni idadi ya mara unazoonekana. Mwanamuziki anaweza kutoka kila wiki. Mchezaji wa mpira anacheza mechi arobaini kwa mwaka. Mkimbiaji wa marathoni anakimbia mbio mbili, labda tatu, nyingi zikiwa alfajiri yetu au kwenye chaneli ambayo nyumbani hatuna.

Mtazame Alphonce Simbu. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, na bado angeweza kupita Kariakoo bila mtu kugeuka. Septemba 2025, Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia mstarini pamoja, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Ilibidi picha iangaliwe. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Asubuhi ile kila simu ilikuwa na picha yake. Miaka tisa ya kazi kimya, kisha sekunde 0.03.

Ninachowasihi wanariadha ni hiki: msikae kimya kati ya mbio na mbio. Huhitaji kuigiza. Picha ya mazoezi kwenye barabara ya vumbi, maelezo ya unachokula, jina la kocha wako, viatu vilivyoisha soli. Watu wakikufuata miezi sita kabla ya mbio, siku ya mbio wanaamka saa kumi kukutazama.

Mpira una njia yake, na Mbwana Samatta ameionyesha ngazi kwa ngazi. African Lyon, Simba, kisha 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao nao unaongea Kiswahili. Pale aliitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa mfungaji bora, na Januari 2016 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Ndipo Genk ya Ubelgiji, na goli lake la kichwa Anfield mwaka 2019. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, kurasa za Aston Villa zikajaa maoni ya Kiswahili, na mwezi Machi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Septemba alipohamia Fenerbahçe, Waswahili walihama naye siku hiyo hiyo. Klabu ni gari, abiria walikuwa wa Samatta.

Nani amejenga jina vizuri zaidi kwenye riadha?

Eliud Kipchoge, na simwoni wa karibu naye.

Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, Paris, akiwa kijana wa miaka 18, akiwapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Kisha mwaka 2012 akashindwa kupata nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki. Wengi wangerudi shambani. Yeye akahamia marathoni, akashinda Hamburg 2013, akabeba dhahabu za Olimpiki za Rio na Tokyo, na akavunja rekodi ya dunia Berlin mara mbili, 2018 na 2022. Oktoba 12, 2019, huko Vienna, alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu wasindikizaji walipokezana na haikuwa mbio ya wazi, lakini nani anajali? Binadamu alipita chini ya saa mbili.

Sasa angalia kinachozunguka ushindi. Kaulimbiu moja tu, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka, aliyoirudia miaka na miaka mpaka ikawa yake. Kocha mmoja, Patrick Sang. Tabasamu lile lile akiwa kilomita ya 38. Na kambi ya Kaptagat, ambako tajiri huyu hulala siku za wiki pamoja na wenzake, hupangiwa zamu ya kusafisha vyoo kama mwingine yeyote, na huandika mazoezi yake kwenye daftari kwa mkono. Waandishi walipofika wakitafuta siri, wakakuta ndoo na ufagio. Ile ndoo imemjengea jina kuliko tangazo lolote la viatu, kwa sababu haikuwekwa pale kwa ajili ya kamera.

Kiki zinasaidia?

Zinasaidia kama moto wa mabua: unawaka juu, unamulika kijiji kizima, ukigeuka umezimika. Nimeona watu wakitangaza mapenzi ya uongo, ugonjwa wa uongo, hata kifo cha uongo, ili wimbo uende. Wimbo unakwenda siku nne. Siku msanii huyo anaumwa kweli, mashabiki wanauliza, "Anatoa lini ngoma?" Hiyo ndiyo bei yake na mimi naiona ni kubwa mno. Usifanye.

Na bifu? Mashabiki wangu wanataka nijibu.

Ushindani ni damu ya muziki wetu. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilishuhudia Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano wakirushiana mipasho, kumbi zikijaa. Leo binti wa Khadija Kopa ndiye Zuchu. Timu Kiba na Timu Diamond zimefanya kazi ile ile kwenye simu, na Simba na Yanga hawahitaji maelezo. Bifu inayokaa ndani ya kazi inawanufaisha wote wawili. Ikihamia kwenye mama wa mtu, watoto wa mtu au mwili wa mtu, achana nayo, hata kama mashabiki elfu kumi wanakupigia makofi.

Lebo imeniita. Nisaini?

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo machozi yalipo.

Lebo nzuri ni baraka. Inalipia studio, video, mavazi, safari, na inakupa jina kubwa la kuegemea. Harmonize na Rayvanny walitoka kupitia Wasafi, na Rayvanny akashinda tuzo ya BET mwaka 2017 akiwa chini yake. Wote wawili waliondoka baadaye, Harmonize 2019 na Rayvanny 2022, wakaendesha lebo zao. Harmonize amesema hadharani kwamba kutoka kulimgharimu mamia ya mamilioni ya shilingi. Siandiki haya kumlaumu yeyote. Lebo iliyotumia pesa ina haki ya kuzirudisha. Naandika ili ujue kwamba mlango wa kutokea una bei, na bei hiyo unaikubali siku ya kuingia.

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, uliza. Mkataba ni wa miaka mingapi, au ni wa idadi ya albamu? Rekodi halisi za nyimbo zinabaki kwa nani mkataba ukiisha? Gharama zinakatwa kabla au baada ya kugawana? Nikitaka kutoka, nalipa nini? Na jina langu la kisanii ni la nani?

Hilo la mwisho halina mzaha hata kwa wakubwa. Roger Federer alipoiacha Nike mwaka 2018, nembo ya RF, herufi za jina lake mwenyewe, ilibaki kwa kampuni. Alisubiri mpaka 2020 kuipata. Taylor Swift aliona rekodi za albamu zake sita za kwanza zikiuzwa kwa watu wengine mwaka 2019, akaanza kuzirekodi upya, na ilikuwa 2025 ndipo alipozinunua. Kama hawa wenye mawakili wa kila rangi walinaswa, wewe unasaini juu ya boneti ya gari kwa haraka ya nini?

Na kuna funguo ndogo ambazo mkataba hauzitaji. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alikuja kwangu jioni, mvua inanyesha, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amegombana na meneja wake. Chaneli yake ya YouTube, yenye nyimbo zake zote, ilifunguliwa kwa barua pepe ya meneja. Tulikaa mpaka saa sita tukijaribu kuingia. Kila tukibonyeza, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya yule bwana. Kijana anaiona picha yake kwenye kioo, anaisikia sauti yake, na hawezi kubadili hata herufi moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia mwanzoni, "Mambo ya mtandao mwachie meneja, wewe imba." Sijalisema tena neno lile kwa mtu. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako. Meneja apewe ruhusa ya kuendesha, ambayo unaweza kuiondoa.

Mpelekee mwanasheria mkataba. Ada yake itakuuma leo, lakini kumbuka yule kijana na namba ya uthibitisho.

Pesa zinatoka wapi hasa?

Kwa mwanamuziki: shoo, ubalozi wa bidhaa, miito ya simu, majukwaa ya kusikilizia, mirabaha. YouTube inaanza kukugawia matangazo ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zikitazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Usijenge nyumba kichwani kwa hesabu hiyo. Shoo bado ndiyo inayolipa kodi ya wengi.

Kwa mwanariadha: zawadi, ada ya kushiriki, na mkataba wa viatu. Dhahabu ya Tokyo 2025 ilikuwa na zawadi ya dola 70,000 kutoka World Athletics. Ni pesa nzuri, lakini inakuja mara moja. Mkataba unakuja kila mwaka, na anayetoa mkataba hununua jina pamoja na miguu.

Ukipata ubalozi, uza kitu ambacho ungekitumia bila kulipwa. Diamond aliuza karanga zenye jina lake na watu wakaelewa haraka, karanga ni kitu cha mtaani kwao. Ukitangaza mchezo wa kubahatisha leo, mkopo wa haraka kesho na dawa ya kupunguza tumbo keshokutwa, wiki ya nne hakuna anayekuamini.

Nisajili wapi?

Tanzania Bara: BASATA kwa ajili ya sanaa, COSOTA kwa hakimiliki, BRELA kwa jina la biashara na alama ya biashara. Kazi yako inalindwa tangu ulipoitunga, ila usajili unakupa ushahidi. Alama ya biashara inadumu miaka 7 kisha unaihuisha. Zanzibar ina usajili wake, BPRA. Ule wa Bara haukulindi huko. Kenya ni KECOBO kwa hakimiliki na KIPI kwa alama.

Bila Kiingereza nitafika?

Utafika. Kiswahili kinakupa Dar, Mombasa, Lubumbashi, Goma, Bujumbura na Muscat kwa wimbo mmoja. Jifunze Kiingereza cha mahojiano na cha kusoma mkataba, lakini kuimba imba kwa lugha unayootea ndoto.

Mimi ni mwanariadha wa kike. Nikipata mtoto, jina litakufa?

Faith Kipyegon alijifungua binti mwaka 2018. Baada ya hapo amebeba dhahabu za Olimpiki za mita 1,500 za Tokyo na Paris, juu ya ile ya Rio, na mwaka 2023 akavunja rekodi tatu za dunia ndani ya siku zisizofika 60. Kwa hiyo mwili unaweza.

Shida ilikuwa kwenye karatasi. Mwaka 2019 Allyson Felix wa Marekani alieleza wazi kwamba Nike haikutaka kumhakikishia kuwa malipo yake hayatakatwa akishuka kiwango karibu na uzazi. Kelele zilipozidi, kampuni ikabadili masharti yake mwaka huo huo. Felix akahama, na baadaye akaanzisha chapa yake ya viatu, Saysh. Dada yangu, soma kipengele cha uzazi kabla ya kusaini, na kama hakipo, omba kiandikwe.

Matusi ya mtandaoni nayafanyeje?

Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:00:35 Chicago, alifariki kwa ajali ya gari Februari 2024. Watu mtandaoni wakaanza kumhusisha Kipchoge na kifo kile bila chembe ya ushahidi. Kipchoge alieleza kwenye mahojiano na BBC jinsi matusi na vitisho vilivyomfikia mpaka familia yake. Kama yalimfikia mtu yule, yatakufikia na wewe.

Usijibu usiku. Mpe mtu mwingine simu asome maoni. Tishio la kweli lipeleke polisi likiwa na picha ya skrini. Na ukikosea kweli, omba radhi mara moja kwa maneno yako, bila "kama kuna aliyekwazika".

Dawa za kuongeza nguvu je?

Hapana. Na usimeze dawa ya mafua au kirutubisho cha duka la karibu bila kumwonyesha daktari wa timu, kwa sababu kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako hata kama hukujua. Kesi moja inafuta kila kitu kilichoandikwa juu.

Baada ya kustaafu, jina linafanya nini?

Februari 2, 1974, Christchurch, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakushikwa. Mita 1,500 kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, huku John Walker wa New Zealand aliyekuwa akimfukuza naye akiingia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi akaongeza ya maili, na Moscow 1980 akapata medali ya fedha kwenye kuruka viunzi na maji.

Kisha miguu ikachoka, kama ya kila mtu. Akaingia kwenye uongozi wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na jina lake akalipeleka kwenye elimu. Leo mzazi wa Kibaha akikwambia mwanawe anasoma Filbert Bayi, anamaanisha shule, na huenda yule mtoto hajawahi kuona hata sekunde moja ya mbio za Christchurch.